Salme binti Jilfidan

Nyumbani kwetu Kikwajuni mgeni hakuulizwa kwanza shida yake. Aliulizwa, "Wewe wa nani?" Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kipaji cha kazi hiyo. Aliketi barazani na ungo wa mchele mapajani, na kabla hajamaliza kuchagua alikwisha kujua babu wa mgeni alitoka wapi, shangazi zake waliolewa wapi, na kama kuna pahala damu yake imewahi kukutana na ya kwetu. Udogoni nilidhani ni udadisi tu. Ukubwani nikatambua kwamba ndivyo alivyokuwa akimpa mtu pahala pa kukaa.

Siku moja nilimgeuzia swali: "Na wewe, Bibi, wa nani?" Akahesabu majina matatu, akanyamaza. La nne lilikuwa la bibi yake, aliyeletwa Unguja kutoka bara akiwa mtoto, kwa njia ile tunayoijua sote, akapewa jina jipya huko shamba. Jina aliloitwa na mama yake halikuvuka bahari. "Hapo pamekatika, mjukuu wangu," alisema, akaendelea kupeta.

Kwa Bibi huyo huyo ndiko nilikosikia mara ya kwanza habari za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja. Alizitoa kama onyo kwa sisi wajukuu wa kike tulioanza kuchelewa kurudi magharibi. "Mwana wa mfalme yule, kala kavaa, hakupungukiwa kitu. Kamfuata Mzungu, kafa kwenye baridi." Hadithi ilikuwa hiyo tu. Nilikaa nayo miaka mingi, mpaka nilipokisoma kitabu cha kumbukumbu alichokiandika mwenyewe, nikakuta kwamba hata nasaba ya binti mfalme ina pahala palipokatika. Yeye mwenyewe alipaonyesha, tena kwa uchungu. Waandishi waliokuja baada yake walipapita mbio kuwahi kisa cha mapenzi.

Upande wa baba hauna taabu kuhesabu: Salme binti Said bin Sultan bin Ahmad bin Said, Al Busaidi. Ahmad bin Said alikuwa liwali wa Sohar, aliyewatoa Waajemi Oman katikati ya karne ya 18 akachaguliwa kuwa Imamu, na nyumba aliyoiasisi ndiyo inayotawala Muscat mpaka leo. Mwanawe Sultan aliuawa baharini mwaka 1804. Said, mtoto wa Sultan, alishika utawala akiwa bado kijana, akakaa nao karibu nusu karne, akahamishia Unguja baraza lake na makazi yake. Sisi tuliosoma skuli za Unguja tunamjua kwa karafuu kabla hatujamjua kwa jambo jingine lolote.

Katika mlolongo huo wa wanaume, Salme alisimama mbele ya mwanamke mmoja. Kitabuni anasimulia kwa fahari habari za shangazi wa baba yake, anayetajwa katika historia ya Oman kwa jina la Moza binti Ahmad, aliyeshika mambo ya nchi wakati Said hajawa mtu mzima. Maadui walipouzingira mji, bibi huyo alivaa mavazi ya kiume usiku, akapanda farasi, akazunguka kukagua walinzi. Wasomaji wa Ulaya walimtazamia Salme awaambie kwamba mwanamke wa Kiarabu ni kiumbe wa kuhurumiwa. Akawajibu kwa bibi aliyepanda farasi. Nampenda kwa hilo.

Sasa twende Mtoni. Ukipanda daladala la Bububu kutoka mjini, unashuka kabla hujafika mbali, unateremka upande wa pwani, na pale, karibu na matangi ya mafuta, ndipo magofu ya Beit al-Mtoni yalipo. Kuta zimesimama kwa ukaidi, chokaa imeng'oka, hamamu zimebaki na matundu ya nuru kwenye mapaa yake. Jumba liliungua mwaka 1914. Nimefika mara nyingi, na kila mara najaribu kuijaza nyua ile kwa watu anaowataja, wapatao 1,000 kwa hesabu yake, nashindwa.

Salme alizaliwa hapo tarehe 30 Agosti 1844. Kurasa anazoielezea nyua ya Mtoni ndizo ninazozirudia kuliko zote: tausi, paa, mbuni na korongo wekundu wakitembea huru katikati ya watoto, na tausi mmoja mkorofi ambaye siku moja watoto walimlipizia kwa kumnyofoa manyoya ya mkia. Anaeleza benjile, ile roshani kubwa ya mbao iliyotazama bahari, ambako Seyyid Said alipenda kutembea huku na huku, kichwa ameinamisha, amezama katika fikra zake. Anaeleza lugha. Mbele ya mfalme kilisemwa Kiarabu peke yake, lakini akishageuza mgongo tu, nyumba nzima ilirudi kwenye ndimi zake: Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kinubi, Kicherkasi. Kila mwanamke alirudi kwao kwa ulimi, maana kwa miguu haikuwezekana.

Wanawake hao walikuwa masuria. Neno hili wengi wetu leo tunalikwepa, au tunalitamka haraka haraka, na mimi nadhani bila kusimama juu yake huwezi kuielewa nasaba ya nyumba ile hata kidogo. Seyyid Said alikuwa na mke wa ndoa, Bibi Azza binti Seif, mwenye asili ya ukoo wa kifalme wa Oman, mwanamke aliyejiweka juu sana hata watoto wakaogopa kumkaribia. Bibi Azza hakumzalia mtoto. Watoto 36 waliokuwa hai mfalme alipofariki mwaka 1856 walizaliwa na masuria, yaani wanawake walionunuliwa. Kwa sheria ile, suria akishamzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye anakuwa huru. Mtoto wake huzaliwa muungwana kamili, hana upungufu mbele ya mtoto wa mke wa ndoa. Kwa hiyo Majid aliyetawala Unguja, mama yake alinunuliwa. Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib, mama yake alikuwa Mhabeshi, naye alinunuliwa. Tunapozihesabu damu za kifalme za Unguja tunahesabu mashina ya baba, na kila shina limesimama juu ya mzizi ambao hatuutaji.

Mzizi wa Salme uliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkasi, wa milima ya Kaukasi. Binti yake anasema alikuwa mtoto wa mkulima, mwenye kaka mkubwa na mdogo wa kike. Vita vikafika kijijini. Watu wa nyumba ile wakajificha pahala chini ya ardhi, wavamizi wakawapata, wakawaua baba na mama, wakawapakia watoto watatu kwenye farasi wa watu watatu mbalimbali, wakatoka mbio. Kaka alipotelea njia moja. Mdogo wake, mtoto wa miaka kama mitatu, aliendelea kusikika akimlilia mama yake mpaka jioni, halafu njia zikaachana, sauti ikakatika. Jilfidan hakumwona tena, wala hakupata habari zake maisha yake yote.

Alifika nyumbani kwa Seyyid Said akiwa na miaka saba au minane, na hilo linajulikana kwa sababu jino lake la kwanza la utoto lilimtoka humo humo jumbani. Sentensi hiyo ya jino niliisoma nikakifunga kitabu. Nilikuwa na mtoto wa umri huo wakati ule, na pengo lake mbele ya mdomo. Wanahistoria wanaweza kutuandikia mikataba yote ya mwaka 1822 na 1845, idadi ya majahazi, bei za watu sokoni, na yote ni muhimu. Jino hili lilinifikisha pahala ambapo mikataba haijawahi kunifikisha.

Alilelewa pamoja na mabinti wawili wa mfalme wa rika lake. Akakua, akawa suria, akamzaa Salme. Binti yake anamwonyesha kama mwanamke mrefu mwenye nguvu na nywele nyeusi za kufika magotini, mpole, mwepesi wa kumhudumia mgonjwa yeyote, msomaji wa vitabu vya dini kando ya kitanda cha mtu. Kwa kweli katika kitabu kizima sijaona mtu aliyependwa kwa utulivu kama yeye. Baba anaheshimiwa na kuliliwa. Mama ndiye anayetajwa kwa mikono yake.

Kalamu ilimjia Salme kwa siri. Pale Mtoni watoto walisoma Kurani kwenye baraza moja ya wazi, mkeka mmoja, mwalimu mmoja wa kike mkali, wavulana na wasichana pamoja. Lakini wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika kulihesabiwa si kwao. Salme alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili herufi za msahafu peke yake, mpaka mkono ukazoea.

Mkono huo ukamponza. Mwaka 1859 mama yake alikwisha kufa, na Barghash alikuwa anapanga kumpindua ndugu yao Majid. Waasi walihitaji mtu wa kuandika barua, na katika dada waliokuwa upande wa Barghash aliyeweza kazi hiyo ni yeye, msichana wa miaka 15. Akawa katibu. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, Salme na dada yake Khole waliingia usiku, wakamvisha ndugu yao nguo za kike, wakatoka naye katikati yao mbele ya walinzi. Uasi ukavunjwa kule shamba la Marseille kwa msaada wa Waingereza, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki mjini na dhambi ya maandishi yake. Baadaye alipopatana na Majid, ndugu wa upande wa Barghash hawakumsamehe hilo pia. Msomaji, shika jambo hili: Barghash alitoka salama nyumbani kwake usiku ule kwa sababu ya Salme. Tutalihitaji mbele.

Kuhusu yaliyofuata nitapita haraka, kwa sababu ndiyo yaliyoandikwa kuliko yote. Alikuwa jirani na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakapendana, akashika mimba. Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, wakati wanawake wa mji wanateremka baharini kuoga mwaka, yaani kuupokea mwaka mpya wa Kiswahili, aliteremka nao pwani, akachukuliwa na mashua hadi manowari ya Kiingereza Highflyer, akapelekwa Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume, akabatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo, tarehe 30 Mei 1867, akaolewa. Mtoto yule alifia njiani kabla hawajafika Ujerumani. Hamburg akazaa watatu: Antonie, Rudolph na Rosalie. Agosti 1870 mumewe aliteleza kwenye tramu ya farasi, akakanyagwa, akafa. Ndoa nzima ilikuwa miaka mitatu na miezi. Mwaka huo huo Majid naye akafariki, Barghash akakalia kiti.

Sasa uchukue kitabu chake, Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu, kilichotoka Berlin mwaka 1886, utafute mapenzi hayo. Ni kurasa chache mno. Alikutana na jirani yake, urafiki ukawa mapenzi, mji ukajua, ikabidi aondoke. Kwisha. Kitabu kilichobaki ni nyumba, mavazi, ugonjwa na dawa zake, Ramadhani na Sikukuu, shule, ndoa za watu wengine, mazishi, na mama yake. Mwanzoni anaeleza kwamba alianza kuandika kwa ajili ya watoto wake, waliokuwa wanajua tu kuwa mama yao ni Mwarabu wa Unguja. Yaani alikuwa anajibu lile swali la barazani kwetu. Watoto wake walikuwa wanaulizwa "wewe wa nani?" katika nchi ambayo hakuna mtu angeweza kuwajibia isipokuwa yeye.

Waliokuja baada yake walichagua vingine. Mwanawe Rudolph ndiye wa kwanza ninayemfikiria. Mwaka 1906 aliliunganisha jina la babu yake na la baba yake akawa Rudolph Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha London kitabu kizima juu ya Seyyid Said bin Sultan na nafasi yake katika historia ya Arabuni na Afrika Mashariki. Kwa hesabu ya kwetu mtoto ni wa baba, na Rudolph angekuwa wa Ruete, basi, Al Busaidi asiguse. Yeye alivuka kwa upande wa mama akamfikia babu mfalme. Sioni kosa. Ila nikikisoma kitabu chake namwona anavyopanda ngazi moja tu ya nasaba ya mama yake, ile ya dhahabu. Ya Kaukasi haipandi. Dada yake Antonie, aliyeolewa na Eugen Brandeis, mtawala wa Kijerumani katika visiwa vya Marshall, aliandika kitabu cha mapishi ya nchi za joto, kikatoka mwaka 1907. Mjukuu wa Seyyid Said akiwafundisha wake wa makoloni kupika! Kichwa changu hakijamaliza kulizunguka jambo hilo, na siku moja nitaliandikia peke yake.

Halafu kuna watunzi wa riwaya. M. M. Kaye, Mwingereza aliyezaliwa India, alimtia Salme ndani ya Trade Wind, riwaya ya miaka ya 1960 inayochezea Unguja ya mwaka 1859, na ndani yake yumo Khole, yumo Barghash, wamo mabinti wa jumba na njama zao. Karne hii Wajerumani na Waswisi wamemrudia mara kwa mara: Hans Christoph Buch mwaka 2008, Nicole Vosseler mwaka 2010, Lukas Hartmann mwaka 2013. Hartmann angalau aliwafuata watoto, akauliza damu hii iliwafikisha wapi katika Ulaya ya vita viwili. Wengine, kwa uzito tofauti, wanasimama pale pale usiku wa mashua. Binti mfalme, mgeni mweupe, mwezi, bahari. Nawaelewa, hata Bibi yangu, bila kusoma kitabu chochote, alisimama hapo hapo, yeye kwa kuonya na wao kwa kutamani. Lakini mwenyewe alilipa tukio hilo kurasa chache, na mtu akikuandikia maisha yake nadhani unamdai heshima ya kutazama kule anakotazama.

Na hapa inanibidi niseme kinachoniuma.

Kitabu kile kina sura juu ya utumwa, na sura hiyo inawatetea wenye watumwa. Anawaambia Wazungu kwamba hawaelewi, kwamba watumwa wa Mashariki hawatendewi kama wa Marekani, kwamba kuukomesha ghafla kumewafilisi mabwana, na juu ya watu weusi anaandika maneno ya dharau ambayo sitayanukuu. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina lake. Muda si mrefu watu wakayasoma maneno hayo kwa sauti, na uamuzi ukafanywa wa kuliondoa jina. Niliposikia sikushangaa, wala sikuweza kumtetea. Bibi ya Bibi yangu alipewa jina jipya katika shamba la aina ile ile.

Adam Shafi aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978, na ukitaka kujua maisha ya majumba hayo yanavyoonekana kutoka upande wa anayefua, anayepika na anayepigwa, anza huko. Ningependa kila anayesoma kitabu cha Salme akisome na hicho, kimoja baada ya kingine, katika wiki moja. Nimefanya hivyo. Usingizi ulinipotea.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba alijua. Si kwa kuhadithiwa na wamisionari. Alijua kwa mdomo wa mama yake. Yeye ndiye aliyetuandikia kilio cha yule mtoto wa miaka mitatu kikififia njiani, akakiandika vizuri hata baada ya zaidi ya karne nzima kinasikika. Halafu kurasa kadhaa mbele akawatazama watoto wengine, waliotoka Manyema na Nyasa, waliopakiwa vivyo hivyo na wakalia vivyo hivyo, asisikie. Kati ya Jilfidan na bibi ya Bibi yangu tofauti niionayo ni rangi ya ngozi na mlango walioingilia: mmoja jumba, mwingine shamba. Nimejaribu mara nyingi kutafuta katika kitabu kile sentensi moja inayowaunganisha hao wawili. Haimo. Imenibidi niiandike mimi.

Wala simtupi. Nimeulizwa na rafiki zangu kwa nini, na jibu langu ni kwamba bila yeye Jilfidan naye angekuwa pahala palipokatika, kama kwetu. Masuria wangapi wa Mtoni tunawajua kwa jino lao?

Mwaka 1885 alirudi. Alikuja na manowari za Ujerumani, kwa sababu Bismarck alikuwa na haja zake Unguja na madai ya urithi ya mama mmoja mjane yalimfaa kwa muda. Wakati watu wa mjini wanamzunguka mitaani na kumwamkia, "Hujambo, Bibi?", Barghash alikataa kumtambua. Ndugu aliyevishwa nguo za kike na kutolewa kati ya walinzi hakutaka hata kuuona uso wake. Alirudi tena mwaka 1888, haikusaidia kitu. Katika ile safari ya kwanza alikwenda Mtoni akakuta jumba limekwisha kuwa gofu, ngazi zimeanguka, majani yanaota ndani. Akachuma majani machache pale ambapo baba yake alikuwa akisali, akaondoka nayo. Mwishoni mwa kitabu anaandika kwamba alitoka kwao Mwarabu kamili na Muislamu mwema, na sasa ni Mkristo asiyefaa na zaidi kidogo ya nusu Mjerumani. Aliishi Beirut miaka mingi, akafa Jena tarehe 29 Februari 1924.

Amezikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, mahali pakubwa hata mabasi ya mji yanapita ndani. Nilikwenda na mdogo wangu anayeishi huko, mwezi wa Novemba, ukungu umeshuka mpaka magotini. Juu ya kaburi lake pana maneno ya mshairi Theodor Fontane, na mdogo wangu alinisomea kwa Kijerumani kwanza, kisha tukasaidiana kuyaleta kwetu: mwaminifu katika kina cha roho ni yule aipendaye nchi yake kama wewe.

Maneno hayo yanatoka kwenye shairi la Fontane juu ya Archibald Douglas, mtukufu wa Uskoti aliyefukuzwa nchini na mfalme wake. Shairi linaanza na mzee huyo akisema amebeba miaka saba na hawezi kubeba tena. Anamvizia mfalme njiani, anashika hatamu za farasi wake, anamwomba: sitaki cheo, niache nikuchungie farasi, nimnyweshe maji, mradi nivute tena hewa ya kwetu. Na kama sivyo, chomoa upanga uniue hapa hapa. Mfalme anateremka kwenye farasi, anauchomoa upanga, na badala ya kumchoma anampa aushike. Kisha anayasema maneno hayo yaliyo juu ya kaburi.

Nilisimama pale nikifikiri nani kayatamka na nani katamkiwa. Katika shairi ni mfalme anamwambia mkimbizi wake, karibu nyumbani. Douglas alibeba miaka saba. Salme alibeba 19 kabla ya kufika tena pwani ya Unguja, na mfalme wake, aliyekuwa ndugu yake kabisa wa baba mmoja, hakushuka kwenye farasi. Ikabidi maneno yale ayasubiri mpaka kaburini, na yaje kwa lugha ya huko huko baridini. Husemwa kwamba katika vitu alivyoviacha kulikuwa na kifuko cha mchanga wa Unguja.

Mdogo wangu aliuliza, "Dada, tumsomee Fatiha?" Sikuwa na jibu. Alibatizwa, akaishi kanisani, akafa hivyo, na yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola wake. Baridi ilikuwa inatuingia kwenye mifupa. Tukasimama kimya kidogo, halafu nikamwambia tumsomee mama yake. Tukainua mikono, pale pale Ohlsdorf, tukamsomea Jilfidan, na nilipofika mwisho nikamtia na yule mdogo wake, ambaye jina lake halimo kitabuni, na yule wa kwetu, ambaye jina lake halimo popote.